Naombeni ushauri: nusu ya ukumbi walisimama kunishangilia, nusu wanasema nimeua muziki

ViolaYaArusha

Wakuu, habari za leo. Humu wengi wenu ni watu wa kwaya na bendi, ila najua wapigaji wa okestra pia wapo, kwa hiyo sitakosa pa kushika.

Ni binti wa miaka 26, mzaliwa wa Arusha, niko Nairobi kikazi. Jioni na wikendi napiga viola (fidla kubwa kidogo, yenye sauti nzito) kwenye okestra ya vijana. Zamani nilikuwa napewa kuongoza vipande vifupi vya kufungulia, lakini safari hii kamati ikanikabidhi kijiti cha tamasha zima. Tukapiga Simfoni ya 7 ya Beethoven kwenye kanisa moja kubwa la mawe. Sehemu ya kwanza ilipokelewa vizuri, watu wakapiga makofi palepale. Utata ni sehemu ya pili, Allegretto (yaani mwendo wa uchangamfu wa wastani). Niliipeleka kwa kasi aliyoiandika Beethoven mwenyewe, mapigo 76 kwa dakika. Wengi wameizoea ikitembea kama watu wanasindikiza jeneza.

Mwisho upande mmoja wakasimama na vigelegele juu. Wengine wamekaa wamekunja mikono. Mzee mmoja, mfadhili wetu, alinisubiri mlangoni akaniambia, "Mwanangu, ulikuwa unawahi wapi?" Kwenye kundi la WhatsApp la wazazi ndiyo usiseme. Kuna aliyeandika kwamba kwa mara ya kwanza hakusinzia kwenye tamasha letu. Kuna anayedai narukaruka mno, mwongozaji anatakiwa kutulia. Mwingine kazungumzia nywele zangu, huyo namwacha.

Tamasha linarudiwa mwisho wa mwezi kwenye ukumbi wa maigizo. Kamati wanataka nipunguze mwendo, na chini chini kuna wanaosema bora arudi mwongozaji wa zamani. Nishikilie au nilegeze? Halafu, je, niwaeleze watu kabla hatujaanza kwa nini naupiga hivi?

Mwana wa Makadara

Dadangu, Beethoven hayupo kulalamika. Piga.

HoniYaPili

Mimi napiga honi hapahapa Nairobi (si kwenye okestra yenu, usianze kunitafuta). Hilo la kurukaruka lisikunyime usingizi. Simfoni hiyo ilipigwa kwa mara ya kwanza Vienna tarehe 8 Desemba 1813, tamasha la kuwachangia askari waliojeruhiwa vita vya Hanau. Beethoven aliongoza mwenyewe, masikio yakiwa tayari yamechoka. Louis Spohr, aliyekuwa kwenye fidla siku zile, ameacha maandishi: muziki ukishuka Beethoven alikuwa anachuchumaa chini ya meza ya nota, ukipanda anaruka juu. Na siku hiyo Allegretto ilishangiliwa hadi ikabidi irudiwe. Sasa leo wewe ukiinua mabega kidogo unaambiwa utulie!

Ninachotaka kujua ni kimoja: wapigaji wako wanasemaje? Sisi wa honi tukiwa na mwongozaji asiyejua anachotaka tunajua ndani ya dakika tano za mazoezi, kabla msikilizaji yeyote hajanunua tiketi.

Mzee Kifimbo

Binti, mimi niko upande wa yule mfadhili, na nitakueleza kwa nini, bila kukuvunja moyo.

Hiyo 76 si msahafu. Beethoven alitoa namba za mwendo za simfoni zake nane mwaka 1817, yaani miaka minne baada ya tamasha analolisema HoniYaPili, na kifaa chenyewe cha kuhesabia mapigo, metronomu, kilikuwa kipya, fundi Mälzel alikuwa amekisajili miaka miwili tu nyuma. Mtu kakaa na kifaa mezani, masikio yamedhoofika, anahesabu muziki ulio kichwani. Muziki wa kichwani hukimbia, kila aliyewahi kuongoza anajua. Ukumbini kuna upinde wenye uzito, kuna mpiga obo anayehitaji pumzi.

Msikilize Furtwängler, yule mwongozaji Mjerumani wa zamani. Allegretto kwake inachukua karibu dakika 10. Kwa namba yako wewe inaisha kwenye 7 na ushee. Hizo dakika mbili na zaidi ulizozikata ndizo watu walizokuja kuzisikiliza.

ViolaYaArusha

Shikamoo mzee. Nimekuelewa. Ila Beethoven aliandika *Allegretto*, hakuandika *Adagio*, yaani pole pole. Angetaka msiba angeandika msiba, mbona kwenye Simfoni ya 3 aliandika maandamano ya mazishi wazi kabisa?

@HoniYaPili wapigaji wamegawanyika vilevile. Selo wanaipenda kasi. Watu wa besi wananuna, ila wale hununa daima.

Mzee Kifimbo

Marahaba. Hapo kwenye Simfoni ya 3 umenibana kidogo. Lakini kati ya msiba na mbio kuna kutembea.

Dume la Mjini

Watu wanatafuta hela ya kodi, nyie mnagombana kuhusu mzungu aliyekufa zamani. Hii nchi bado sana.

HoniYaPili

@Dume la Mjini na bado umesoma uzi hadi hapa. Karibu kiti.

Kasuku wa Chicago

Dada, mgawanyiko huo hata huku kwa wakubwa upo. Aprili 2024 okestra ya Chicago ilimtangaza Klaus Mäkelä, Mfini aliyezaliwa 1996, kuwa mkurugenzi wake wa muziki kuanzia 2027. Alikuwa na miaka 28. Mwaka huohuo wa 2027 anaanza pia na Concertgebouw ya Amsterdam, na kabla ya hapo tayari alishakabidhiwa Oslo na Paris. Basi wapenzi wa muziki wakagawanyika mafungu mawili. Wengine wanasema okestra ikiwa mikononi mwake inang'aa na wapigaji wanaonekana kufurahia kazi. Wengine wanasema kila dakika ni nzuri lakini ukitoka nje huwezi kueleza safari ilianzia wapi na ikaishia wapi, na kwamba kijana mmoja hawezi kubeba okestra kubwa zote hizo. Rekodi zake za simfoni za mtunzi Sibelius akiwa na okestra ya Oslo, zilizotoka 2022, zilizua mabishano hayohayo.

Nimewasikiliza wote, na kwa maoni yangu wale wakosoaji wazuri hawasemi "ni mdogo" wala "anakimbia". Wanakuonyesha mahali. Kwamba hapa ulipandisha sauti mapema mno, ukifika kileleni huna akiba. Hao ndio wa kusikiliza. Kwa hiyo rudi kwa mfadhili wako umuulize: ni wapi hasa palipokuuma? Akishindwa kukuonyesha, basi ni mazoea tu.

Mwalimu wa Kwaya, Moshi

Nimesoma posti zote na naona hakuna aliyegusa jengo. Umesema kanisa kubwa la mawe. Mwangwi ulikuwaje?

Mimi nimefundisha kwaya kwenye makanisa ya aina hiyo maisha yangu yote. Ukiimba kasi mle, aliyekaa mbele anasikia maneno, aliyekaa nyuma chini ya ghorofa anasikia mvumo tu. Wote wawili wamelipa, na wote wawili watakuapia kuwa wanasema kweli. Kabla hujagusa mwendo, fanya uchunguzi: waliosimama walikaa wapi? Waliokunja mikono walikaa wapi?

Jambo la pili. Ule wimbo unaanzia kwa vyombo vya chini, viola, selo na besi, kwa sauti ndogo: nota ndefu, mbili fupi, kisha mbili ndefu. Zile fupi mliziachaje? Mkiziacha zikavutana ndani ya mwangwi, nota inayofuata inaikanyaga iliyotangulia, na msikilizaji anahisi anasukumwa. Mkizikata kwa upinde na kuacha hewa kati yake, mwendo uleule wa 76 unasikika umetulia.

ViolaYaArusha

Mwalimu, umenishtua. Nimekaa jana na orodha ya viti na dada anayeuza tiketi, tukapitia wale waliotuandikia. Wengi wa waliolalamika walikuwa nyuma, kule chini ya ghorofa. Wazazi wa mbele ndio waliopiga vigelegele. Si wote lakini. Mfadhili alikuwa safu ya mbele kabisa, yeye hana kisingizio cha mwangwi!

Nikamtafuta kwa simu nikamuuliza swali la @Kasuku wa Chicago, ni wapi hasa. Akanijibu bila kusita: pale katikati muziki unapogeuka kutoka huzuni kuwa mwanga, klarineti na fagoti wanapochukua wimbo. Anasema hapo hakupewa nafasi ya kupumua, alishtukia umeshapita. Nimesikiliza rekodi ya simu. Ni kweli, naingia pale kama sijaona mlango.

Mzee Kifimbo

Huyo mfadhili mumtunze. Si kila anayetoa hela ana masikio.

Mwalimu wa Kwaya, Moshi

Sasa ukumbi wa maigizo utakuwa na mazulia na mapazia, sauti itakuwa kavu. Hatari huko ni nyingine: nota fupi zikikatwa sana zitakuwa kama mvua kwenye bati. Fanyeni zoezi moja ndani ya ukumbi wenyewe, hata la nusu saa. Wewe shuka jukwaani, mwachie kiongozi wa fidla awaanzishe, ukasikilizie kwenye safu ya mwisho.

HoniYaPili

Kuhusu kuhutubia watu kabla: usifanye. Tarehe 6 Aprili 1962 mwongozaji Leonard Bernstein alisimama pale Carnegie Hall, New York, kabla ya konseto ya kwanza ya piano ya Brahms (piano ikiongoza, okestra ikiisindikiza), akawaambia watu kwamba hakubaliani na jinsi mpiga piano, Glenn Gould, alivyoamua kuipiga. Hapo mvutano ulikuwa kinyume na wako, Gould alitaka pole pole. Alikuwa Bernstein, mtu mwenye ulimi wa asali, na bado hadi leo usiku ule unakumbukwa kwa hotuba kuliko muziki. Ukianza kujitetea, watu watasikiliza utetezi.

Andika mistari miwili kwenye karatasi ya programu, kwamba mwendo ni ule wa mtunzi, inatosha. Anayetaka kusoma atasoma.

Mwana wa Makadara

Na wale wanaotaka mwongozaji wa zamani arudi?

ViolaYaArusha

Nimeongea na mwongozaji wa zamani mwenyewe, ni mwalimu wangu. Kacheka sana. Kasema harudi ng'o, magoti yanamuuma, na kamati wakimpigia tena atazima simu.

Nilichoamua: namba 76 inabaki pale mwanzo. Kwenye ule mlango wa klarineti nitafungua kidogo, nimeshamwambia dada wa klarineti anitazame mimi, asitazame nota. Besi nimewaomba upinde mfupi, wamenuna. Mazoezi ya ukumbini tumepewa asubuhi ya siku yenyewe, nitakaa safu ya mwisho kama alivyosema Mwalimu. Mfadhili kasema atakuja, ila safari hii anataka kiti cha nyuma, asikie wenzake walisikia nini.

Dume la Mjini

Tiketi bei gani? Na mtoto wa miaka mitano anaruhusiwa?

ViolaYaArusha

Anaruhusiwa, bure. Mkae pembeni karibu na mlango, sehemu ya mwisho ina kelele, timpani (zile ngoma kubwa) wanapiga kwelikweli. Bei nakutumia inbox.