Mboga za nyumbani kwenye friza kabla ya baridi kuingia

Kutoka: Mwana wa Butere, Minnesota

Mulembe wapendwa,

Bustani ya nyuma ya nyumba imetubariki mwaka huu. Kunde, managu (mnavu), saga (mgagani), mrenda na mistari miwili ya sukuma wiki, zote zimestawi hadi tunagawia majirani. Lakini Septemba inaishia, na wiki yoyote sasa jalidi, ule umande unaoganda kwa baridi, inaweza kuanguka na kuunguza kila kitu usiku mmoja. Friza tumeshanunua. Swali langu ni hili: mboga zioshwe, zikatwe na kuingizwa mbichi, au zipitishwe kwenye moto kwanza? Hapa kila mtu ana lake. Tunataka zitufikishe Aprili, na watoto wazoee ladha ya kwa nyanya yao.

Kutoka: Binti Nyakach, Leeds

Kaka, mimi huweka mbichi. Sukuma naosha, nakata, natia kwenye mfuko, nafunga. Baada ya wiki tatu, nne hivi, natoa napika na ladha bado iko. Sioni haja ya kuwasha jiko mara mbili kwa mboga ileile.

Kutoka: Mama Pacha, Nakuru

Wanangu, salamu kutoka Nakuru. Nimeishi huko Minnesota kabla ya kurudi, na bustani ya namna hiyo ninaijua, kwa hiyo mniruhusu niandike kwa kirefu.

Binti Nyakach hajakosea kwa mwezi mmoja. Lakini kaka yako anatafuta Aprili, na hapo mbichi haifiki. Jani likishachumwa bado lina vimeng'enya (enzymes) vinavyoendelea na kazi yake. Baridi ya friza huvipunguza mwendo tu, haivisimamishi. Polepole vinakula rangi, ladha na vitamini, na ukifungua mfuko Januari unakuta mboga ya rangi ya kahawia inayonuka nyasi kavu. Moto ndio unaovizima. Kwa hiyo tokosa kwa muda mfupi, poza haraka, kamua, ndipo ugandishe.

Maji yawe mengi. Kilo moja ya majani inataka lita 16 hivi, kwa sababu majani mengi ndani ya maji kidogo hupoza sufuria na kushikana. Kama sufuria yako inabeba maji lita nane, tia nusu kilo tu kwa awamu. Maji yaleyale yatatumika awamu kadhaa. Yachemke kwa nguvu, zamisha mboga, funika, na yakirudi kuchemka ndipo uanze kuhesabu. Kunde, managu, saga na ile sukuma ya huko yenye mikunjo, dakika 2. Sukuma ya majani mapana kama ya kwetu, ambayo huko dukani huitwa collards, dakika 3. Usifupishe. Joto la nusunusu huviamsha vile vimeng'enya badala ya kuviua, na mboga hiyo itaharibika kuliko ile uliyoweka mbichi. Ukizidisha nayo, ladha na vitamini vinabaki kwenye maji.

Sisi wa Nakuru tunaongeza dakika moja. Mji wetu uko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na maji huku huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100. Kuanzia mita 1,500 kwenda juu, dakika hiyo ni ya lazima. Kisumu wako chini, hawaihitaji, na ninyi wa Minnesota na Leeds pia hamwihitaji. Walio Denver wanaihitaji kama sisi.

Msitie magadi kwenye maji ya kutokosea. Najua kwetu magharibi mkono huenda wenyewe, na kweli yanatunza ule ukijani, lakini yanaua vitamini C na kulainisha majani kupita kiasi. Magadi yangoje siku ya kupika.

Zikitoka motoni ziingie moja kwa moja kwenye karai la maji yenye barafu, muda uleule zilizokaa kwenye moto. Barafu uiandae jana yake. Kisha chuja, na ukamue kwa mikono hadi maji yaache kuchirizika. Hapa ndipo wengi wanapokosa subira, na hapa ndipo mboga inapopatia au kuharibika. Maji yaliyobaki hugeuka barafu, na barafu kubwa hupasua jani kutoka ndani. Siku ya kupika unapata supu badala ya mboga. Kwa sababu hiyohiyo, tandaza mboga iwe bapa ndani ya mfuko, isiwe bonge, ili iwahi kuganda. Mabarafu yanayojiunda haraka huwa madogo na hayaumizi jani.

Toa hewa yote mfukoni kabla ya kufunga. Huku Kenya mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku mwaka 2017, kwa hiyo mimi natumia mikebe yenye vifuniko vya kubana, na naacha nafasi ya kidole kimoja juu, kwa kuwa chakula kikiganda hutanuka. Nusu kilo ya majani mabichi, au zaidi kidogo, hujaza mkebe wa nusu lita. Andika jina na tarehe. Managu na kunde zikishaganda zote ni kijani kibichi tu, hutazitofautisha.

Halafu msiipakie friza kwa pupa. Friza ya lita 200 usiiongezee zaidi ya kilo sita au saba kwa siku moja, la sivyo joto linapanda na vilivyokuwa ndani vinaanza kulainika. Ikae kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Hapo mboga zitakaa vizuri miezi minane hadi kumi na miwili.

Mwana wa Butere, anza na kunde, saga, managu na mrenda leo hii ukiweza. Hizo ni za joto, jalidi ikizigusa zimekwisha. Sukuma iache bustanini. Inavumilia jalidi ya mwanzo, na majani yake yanazidi utamu. Managu ukichuma, toa vile vitunda vya kijani visivyoiva, visiingie sufuriani. Saga chuma majani machanga kabla maua hayajatawala.

Kutoka: Binti Nyakach, Leeds

Asante sana Mama Pacha. Nimeelewa, na sukuma ya mwaka huu nitaipitisha motoni. Lakini saga je? Nyumbani tunaichemsha, tunamwaga maziwa, inalala kwenye chungu, kesho tena. Naweza kuigandisha ikiwa na maziwa yake tayari? Ningependa kutoka kazini usiku nikute alot, mboga yetu ya Kijaluo, iko tayari.

Kutoka: Mama Pacha, Nakuru

Dada, maziwa yangoje. Yakiganda kisha yakayeyuka hukatika, mafuta upande mmoja na maji upande mwingine. Ukitaka kupunguza uchungu mapema, chemsha saga hadi iive kabisa, mwaga maji, poza, kamua, ugandishe ikiwa hivyo. Siku ya kupika ndipo utie maziwa au malai na kuiacha ichemke taratibu. Ladha ya kulala chunguni hutaipata yote, hilo ni kweli, lakini ukiipika leo na kuila kesho utaikaribia sana.

Kutoka: Mtu wa Vihiga, Doha

Mulembe. Nimeona mrenda umetajwa kisha ukapitwa, na huo ndio moyo wangu. Huku Uarabuni mrenda ni chakula cha nyumba nyingi. Wamisri wanauita molokhia, na wanaugandisha mbichi. Majani yanaoshwa, yanaanikwa kwenye kitambaa hadi yakauke maji, yanakatwakatwa hadi yawe laini kabisa, kisha yanaingia friza bapa ndani ya mifuko. Ukitokosa mrenda kwenye maji mengi, ule utelezi wote unakwenda na maji, na utelezi ndio mrenda wenyewe. Mimi nafuata njia yao. Siku ya kupika naudondosha ukiwa umeganda ndani ya maji yanayochemka pamoja na kunde na magadi kidogo, kama mama alivyotupikia.

Na kama bustani haikutosha, nendeni kwenye maduka ya Waarabu, iwe Minnesota au Leeds. Umo ndani ya friza umeshakatwa, na mkavu pia upo.

Kutoka: Mama Pacha, Nakuru

Mtu wa Vihiga, ubarikiwe. Hilo nalichukua. Mrenda usiotokoswa nitauweka mbele ya friza ili tuutumie mapema kuliko mboga nyingine.

Kutoka: Mwalimu Mstaafu, Kisumu

Habari za huko. Mimi nauliza kwa niaba yetu tuliobaki. Binti yangu alinitumia friza kutoka ng'ambo, na soko letu la Kibuye mboga hushuka bei sana mvua ikinyesha, kwa hiyo haya mnayoyasema yananifaa. Lakini stima ikipotea usiku kucha, nifanyeje?

Kutoka: Mama Pacha, Nakuru

Mwalimu, usiifungue. Friza iliyojaa, mlango ukiwa umefungwa, hutunza baridi hadi saa 48. Iliyojaa nusu, saa 24. Ukiwa na mboga chache, jaza nafasi iliyobaki na chupa za maji, zikiganda zinasaidia. Stima ikirudi, gusa. Mboga ambayo bado ina chembe za barafu ndani unaweza kuigandisha tena, ingawa italainika kidogo. Iliyoyeyuka na kupata joto la chumba, itupe hata kama haina harufu, kwa sababu kuganda hakuui vijidudu, kunavilaza tu. Kwa hiyo pia zioshe mboga za soko kwa maji matatu kabla ya kuanza.

Kutoka: Mwana wa Butere, Minnesota

Mama Pacha, kunde na managu zimeingia friza jana usiku, saga ni leo. Mke wangu anauliza kama tutaziyeyusha kwanza kabla ya kupika.

Kutoka: Mama Pacha, Nakuru

Hapana, mwanangu. Kaanga kitunguu, nyanya iive hadi mafuta yaelee, kisha tia mboga ikiwa imeganda hivyohivyo, funika, moto wa wastani. Ikiachana, funua ukauke ule unyevu. Ilishaiva nusu, kwa hiyo isikae motoni zaidi ya dakika sita, saba. Chumvi mwishoni.