Eti "mfumo ndio umejaza"! Halafu mtu afungwe kwa karatasi hiyo?

Wakuu, nimetoka mahakamani sasa hivi, mikono bado inatetemeka. Mnamjua yule. Yule wa tai na bahasha ya kaki, anayeletwa kila kesi ya wizi kazini "kuthibitisha rekodi za kampuni". Leo zamu imemwangukia mdogo wangu.

Katoa karatasi tatu za leja ya stoo. Wakili wetu akamuuliza taratibu: nani aliingiza namba hizi kwenye kompyuta? Jamaa akakohoa, akakaza tai: "Mfumo ndio umejaza."

Mfumo! Una mikono? Umeapishwa? Unapanda lini kizimbani tuudodose?

Rekodi ya biashara inaaminiwa kwa sababu imeandikwa papo hapo, na mtu anayelijua jambo, ikiwa kazi yake ya kila siku, kabla hajawaza kesi. Hii kwa chini, kwa herufi za ukubwa wa sisimizi, imeandikwa imechapwa siku mbili baada ya dogo kukamatwa. Na bado: "Mfumo ndio umejaza." Nilitaka kuruka benchi.

Mzee wa Rufaa: Punguza jazba mkuu. Tarehe ya kuchapa si tarehe ya kuingiza. Ombeni kumbukumbu za nani aliingia kwenye mfumo na saa ngapi.

Mtoa mada: Ndicho alichoulizwa! Akajibu mfumo ndio umejaza!

Kalamu Nyekundu: 😂😂 Mfumo uitwe shahidi namba mbili.

Mzee wa Rufaa: Si lazima aje aliyeandika. Uingereza, kesi ya Myers, 1964: majaji wa juu walisema rekodi za kiwanda cha magari hazikustahili kupokelewa, kwa kuwa walioandika namba za injini hawakuletwa kuzitolea ushahidi. 1965 Bunge likatunga sheria ya kuzikubali. Ila anayezileta aweze kueleza zinavyotunzwa.

Mtoa mada: Huyu hajui hata stoo ina milango mingapi. Neno la siri la leja wanalitumia watu sita, dogo akiwa mmojawao. Kwa nini afungwe yeye?

Kalamu Nyekundu: Na dogo naye aseme basi mzigo ulikwenda wapi.

Mtoa mada: Kuthibitisha ni kazi ya upande wa mashtaka, si yake!

Bi Leja: Afadhali yenu mmesikilizwa. Mimi leja niliijaza kwa mkono wangu, nimeitwa ushahidi mara nne, mara zote kesi imeahirishwa. Nauli natoa mfukoni.

Kalamu Nyekundu: Bi Leja nauli wanarudisha, dai.

Bi Leja: Nimedai. Naambiwa fomu zimeisha.

Mtoa mada: Jamani, turudi kwenye mfumo…

Pembe la Chumba: Fomu zimeisha?? Mimi niliambiwa mwenye ufunguo wa kabati yuko likizo. Bi Leja, fungua uzi wako tuje.