Waendesha baiskeli, madaraja mnayavukaje? (nimepata pancha juu ya Tanzanite)

Kitambi_Kwisha

Habari za jioni wakuu. Mi nimeanza kukanyaga baiskeli kama miezi minne hivi, niliambiwa nipunguze kitambi nikaona gym siwezi nikanunua baiskeli ya mtumba, ile ya gia 21. Naishi Mwananyamala, Dar. Ruti yangu ya Jumapili fupi tu, natoka alfajiri napita daraja la Salander nazunguka mjini huko Posta mpaka feri, alafu narudia Daraja la Tanzanite natokea Coco, na pale Coco mnajua wenyewe kuna mihogo, kwa hiyo kitambi chote nilichopunguza nakirudisha hapo hapo kwa sahani moja na pilipili.

Sasa Jumapili iliyopita nimepanda daraja kutokea upande wa Aga Khan, najisikia mwanaume, upepo mzuri, bahari kulia Salander naiona kwa mbali kushoto, mara nikapita kwenye ile chuma inayokatisha barabara nikasikia kpaa! Nikajua jiwe. Sekunde kumi mbele tairi la nyuma chapati. Daraja lina kilomita moja na ushee, yote nimelimaliza nasukuma, wanaokimbia mazoezi wananipita wananipa pole, kuna mzee mmoja amenipita mara mbili, kaenda na kurudi.

Nauliza, zile chuma za kwenye madaraja mnazivukaje? Mnapita na magari au mnapanda juu kwa waenda kwa miguu? Na kingine nataka nijaribu mzunguko wa Kigamboni, nivuke na pantoni nirudi na daraja, kwa mtu wa kiwango changu inawezekana au ntaitiwa bajaji? Na wa mikoani pia semeni madaraja yenu, napenda kusikia.

FundiSpoku

Pole mkuu. Kabla sijasema chochote, tyubu ilipotolewa ilikuwa na tundu moja au mawili?

Kitambi_Kwisha

Mawili aisee, yamekaa pacha yanaangaliana. Fundi alinambia nimepita kwenye misumari.

FundiSpoku

Huyo fundi kakupiga hela ya viraka viwili na sababu hakukupa. Misumari gani hiyo inapangana mistari. Matundu mawili pacha maana yake tyubu imebanwa kati ya ringi na kitu kigumu, tairi lilikuwa na upepo mdogo. Ukigonga ukingo wa chuma tairi linalala lote, ringi inashuka mpaka chini inaing'ata tyubu pande mbili. Ukiwa na kitambi (samahani) na siti yote umeikalia, uzito mwingi uko nyuma, ndo maana ni la nyuma.

Angalia ubavuni mwa tairi pameandikwa PSI (kipimo cha upepo), hayo mengi ya mtumba utakuta 40 mpaka 65, wewe jaza karibu na ile ya juu. Kubonyeza na dole gumba achana nako, dole gumba linadanganya, nunua pampu yenye geji.

Hiyo chuma haijawekwa kututesa sisi. Daraja linatanuka likipigwa jua na kusinyaa likipoa, sasa refu vile ukilijenga kipande kimoja bila nafasi litajipasua lenyewe, kwa hiyo wanaacha mwanya wanaweka maungio ya chuma au mpira. Kulivuka ni hivi, unalikuta limekatisha barabara, na wewe lipite nyoofu usilikate kwa mshazari. Acha kupiga pedeli, simamia pedeli zikiwa usawa mmoja, nyanyua makalio kidogo kwenye siti, viwiko vilegee. Breki zishike KABLA, ukiwa juu ya chuma usiguse, hasa kukiwa na mvua, chuma likilowa ni sabuni. La kuogopa zaidi ni vyuma vya mifereji pembeni, vile ambavyo nondo zake zimelala kufuata barabara, tairi jembamba linaingia zima wewe unaendelea na safari peke yako.

Lami_Tupu

Umemaliza fundi. Naongezea la njia. Mimi Tanzanite napita na magari sijawahi kupanda juu, kule juu Jumapili asubuhi kuna wakimbiaji, watoto, wapiga selfi, mtu anarudi kinyumenyume apate bahari kwenye picha anakuja kukalia usukani wako. Baiskeli ni chombo cha moto nusu.

DadaUpepo

Chombo cha moto nusu 😂😂 kaka we utagongwa.

Mi ni mwanamke naendesha na wenzangu watatu, tunaanza saa kumi na moja na nusu, muda huo tunapita barabarani kwa mstari mmoja na taa nyuma. Ikishafika saa moja na nusu magari yanaanza kukimbia pale kwa sababu barabara imenyooka na haina matuta, tunapanda juu na tunaSUKUMA. Sio aibu. Dakika kumi na kitu umefika, na unaiona bahari vizuri, ukiwa unakanyaga unaona tu tairi la mwenzako.

Ila hakuna aliyekutajia upepo na mi naona huo ndo wenyewe. Miezi ya kusi, hii ya Juni Julai Agosti, ukiwa unatoka Coco kwenda mjini bahari iko kushoto kwako na wewe unaendesha kushoto, upepo unakuja wa kushoto na kidogo wa usoni, maana yake unakusukuma kuelekea KWENYE magari. Na hausukumi sawasawa, unakuja kwa vipigo. Unakuwa umeegemea upepo bila kujua, basi kubwa linakupita linaukata upepo ghafla, unayumba kulifuata, likishapita upepo unarudi unakupiga tena. Mara ya kwanza nilipiga kelele nikaita mama. Sasa hivi nikisikia gari kubwa nyuma nashika usukani wa chini, nalegeza mabega nasubiri. Kurudi Coco raha, kusi linakusukuma mgongoni. Kwa hiyo wewe ruti yako ya kwenda na Salander kurudi na Tanzanite ni nzuri sana kipindi hiki, sijui ulipanga au bahati.

Kitambi_Kwisha

Bahati dada, nafuata mihogo tu.

MzeeKaria

Vijana shikamooni kwa niaba yenu wenyewe maana hakuna aliyesalimia.

Salander mnaipita tu ila ile ya mwanzo ilijengwa 1929, jina ni la mkurugenzi wa kazi wa serikali ya wakati huo, mkoloni. Sisi tulikuwa tunapita hapo na Phoenix, gia moja, breki za fimbo, karia nyuma mtu na mzigo, na pancha tulikuwa tunaziba kwa kipande cha tyubu kuukuu na solusheni.

Mnalalamika upepo, hamkuvuka Wami ya zamani. Barabara ya Chalinze kwenda Segera, daraja la 1959, jembamba gari moja tu linapita kwa wakati, na pande zote mbili mteremko mkali unakuja kuishia darajani. Nimepita na baiskeli mara mbili maishani. Unashuka breki zinanuka mpira, unafika chini unasimama pembeni, lori la kwanza linapita, la pili linapita, unatazama upande wa pili kama kuna linaloanza kushuka, kisha unakanyaga kama umeiba. Ukiwa katikati ukasikia honi moyo unahamia masikioni. Sasa wamejenga jipya lina zaidi ya mita 500, njia mbili, limeanza kutumika 2022. Nimelipita na basi, nikachungulia dirishani kulitafuta lile la zamani, likanionekania dogo kama kalavati.

Na Rufiji. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa 2003 mtu wa Lindi na Mtwara alikuwa anafika Ndundu anakuta pantoni, likiharibika analala hapo hapo mtoni na mbu wa Rufiji si wa kuhadithiwa. Daraja lenyewe mita 970. Kama kuna kijana ana mapafu akakanyage kuanzia Kibiti, apite Ikwiriri, avuke na kurudi. Saa ya jua kali asithubutu, katikati ya daraja hakuna kivuli hata cha nzi.

FundiSpoku

Marahaba mzee... ah samahani, shikamoo mzee 😅 breki za fimbo nimezikuta karakana ya babu, bado nina seti.

Nyanza_Gia_Kubwa

Mzee shikamoo. Sisi wa Kanda ya Ziwa tunasoma tu, mnatajiana kilomita moja 😂 huku tuna daraja la Kigongo Busisi, kilomita 3, limefunguliwa Juni 2025. Natoka Mwanza mjini nashika barabara ya Shinyanga mpaka Usagara, napinda kulia naenda mpaka Kigongo, navuka natokea Busisi upande wa Sengerema, nakunywa soda narudi.

Kabla ya hapo ilikuwa pantoni, foleni saa nzima mpaka mawili, likichelewa unanunua samaki, likichelewa zaidi unawala. Baiskeli zilikuwa zinapita mbele ya foleni ya magari ndo faida pekee tuliyokuwa nayo na sasa hivi hatuna. Kuna jambo moja la ajabu la lile daraja, kutoka mbali linaonekana tambarare ila ukiwa juu ya baiskeli unagundua linapanda kuelekea katikati kwenye zile nguzo zenye nyaya ili vyombo vipite chini. Ukiwa kwenye gari husikii kabisa. Magoti yanasikia. Kuna babu nilimkuta katikati ana magunia mawili ya mkaa nyuma kashuka anasukuma, nikamsaidia mpaka kileleni, akapanda akaniachia bila kuaga, anateremka mguu umekanyaga tairi la mbele ndo breki yake.

Baiskeli_ya_Kilifi

Hamjambo watu wa Bongo. Mimi niko Mombasa, kwetu hata mjini kwenyewe ni kisiwa kwa hiyo ukitoka na baiskeli lazima uvuke kitu. Wikendi twaenda Kilifi, kama kilomita 60 hivi, watoka na daraja la Nyali mapema kabla matatu hazijaamka maana zikiamka ni kila mtu na Mungu wake, wapita Mtwapa, wapita mashamba ya mkonge, mpaka ushuke ule mteremko uone daraja la Kilifi. Lilifunguliwa 1991, zamani ilikuwa feri pia. Sisi hatupiti moja kwa moja, twasimama katikati kwa ukingo. Maji yako chini sana, mashua zimetia nanga zaonekana kama ndara zimesahaulika ufuoni, na ukikaa kimya lori lipitapo wahisi daraja lote latetemeka miguuni. Mara ya kwanza nilidhani lavunjika nikamshika mwenzangu mkono, mpaka leo wananicheka. Fundi tueleze hapo.

FundiSpoku

Linatakiwa litetemeke ndugu. Daraja linapinda kidogo likipata mzigo na kurudi, lisilopinda kabisa ndo la kutilia shaka. Na ukisimama katikati ya nguzo mbili ndo unasikia zaidi, kasimame juu ya nguzo yenyewe utaona tofauti.

PoriPori

Mnasifia ya lami tu. Madaraja matamu yako porini huku Mabwepande na Bunju ndani ndani, vile vivuko vya magogo ya minazi mawili yamelazwa juu ya korongo. Kanuni ni moja, ukitazama maji umeanguka, tazama unapokwenda. Na masika shuka ubebe baiskeli begani, maji ya korongo yakiwa ya kahawia huoni kina. Hata Jangwani pale mjini kwenye lami maji yakipita juu ya barabara msijifanye majemedari, nimeona bodaboda inasombwa na mwenyewe anaikimbilia kama anafukuza kuku.

DadaUpepo

Hilo la maji nakazia. Na kijana wa kitambi, mzunguko wa Kigamboni unauweza. Vuka na pantoni asubuhi, shuka nenda taratibu mpaka Kibada, rudi kwa njia ya Vijibweni unakuta Daraja la Nyerere. Mita 680 tu ila lina kilima chake, weka gia nyepesi KABLA ya kuanza kupanda sio ukiwa katikati cheni inalia. Kwenye mageti ya tozo usipenye katikati ya magari, nenda pembeni kabisa uliza wahudumu upite wapi. Alafu ukishuka upande wa Kurasini kuna malori ya makontena, hapo ndo akili yote iwe nyumbani, daraja lenyewe halina shida.

Kitambi_Kwisha

Mrejesho wakuu. Nimeenda leo. Nimenunua pampu ya geji nikajaza 60, tairi limekuwa gumu kama jiwe nikadhani litapasuka. Pantoni safi, Kibada safi, kwenye kilima cha daraja nimeshuka mara moja nikajifanya napiga picha. Maungio yote nimeyapita makalio juu kama mlivyosema, nimeyahesabu na kuyahesabu nikapotea hesabu, hakuna hata kpaa moja. Malori ya Kurasini nimesukuma kwa miguu mpaka nilipoona pametulia, sijali.

Nimefika nyumbani mzima, nimeegesha baiskeli uani naoga, natoka nakuta tairi la mbele chapati.

FundiSpoku

Tundu moja au mawili?

Kitambi_Kwisha

Moja. Mwiba wa michongoma ya jirani.