Skrini ya ramani ipo, ila wageni bado wanamuuliza mlinzi. Nakosea wapi?

chora_njia: Wakuu, nimepewa kazi ya mfumo wa kuelekeza wageni kwenye onyesho la makumbusho, nimeweka skrini ya kugusa mlangoni, unagusa chumba inakuchorea njia. Juzi nimekaa pembeni naangalia, mama mmoja kagusa, njia ikatokea, kaitazama weee, kageuza shingo kushoto, kulia, mwisho kamfuata mlinzi. Na sio yeye peke yake. Nahamia kwenye apu ya simu inayoonyesha mtu alipo, au?

rula_na_penseli: Subiri kwanza. Juu ya ramani yako ni wapi?

chora_njia: Kaskazini mkuu, kama ramani zote.

rula_na_penseli: Ndo ugonjwa wenyewe huo. Mtu akisimama mbele ya ramani anajua kilichoko juu ndicho kilichoko mbele yake. Mwanasaikolojia Marvin Levine na wenzake walishaandika hili tangu 1984, ramani ya "upo hapa" ikikaa kinyume inampoteza mtu. Izungushe ifuate anakotazama, na ukiweka skrini ukuta mwingine nayo iwe na mzunguko wake.

betri_zero: Apu nilishafanya, nikajuta. GPS ndani ya jengo usiitegemee, na vile vidude vya bluetooth vya kubandika ukutani ili simu ijue ilipo vinakosea mita kadhaa, sasa mita kadhaa si ndo chumba cha pili? Simu inasema uko kwenye vinyago wakati umesimama kwenye ngoma. Watu wakijaa ndo kabisa, miili inameza mawimbi. Halafu betri za hivyo vidude atabadilisha nani? Bandika QR kila mlango, mtu akiskani ramani inafunguka inajua yuko mlango upi.

mzee_wa_zamu: Nimelinda kumbi miaka mingi wanangu. Hakuna anayeuliza "ukumbi namba 4", wanauliza choo, pa kukaa, pa kutokea. Na mimi nilikuwa najibu "ukifika kwenye mtumbwi kata kushoto", sijawahi kumwambia mtu mita. Chora huo mtumbwi kwenye ramani. Vitufe navyo visipite sentimita 120 kutoka chini, wa kiti cha magurudumu naye afikie.

chora_njia: Shikamoo mzee, asante. Leo nimechapa ramani iliyozungushwa kwenye karatasi nikaibandika juu ya skrini. Katika wanne wa kwanza, watatu wamenyoosha moja kwa moja. Wa nne kamuuliza mlinzi choo, kitufe chake sijaweka bado 😅