Mjadala: Mwananchi akiomba hesabu za mradi wa kijijini, mtendaji ana haki ya kumuuliza "za nini?"

Mlinzi wa Zamu:
Wakuu, heshima kwenu. Shule ya msingi ya kijijini kwetu ilipata madarasa mawili zile fedha za UVIKO za 2021, milioni 20 kila darasa. Ujenzi ulikuwa wa force account, yaani bila mkandarasi, mnaujua wenyewe: kamati ya ujenzi, kamati ya manunuzi, kamati ya mapokezi, fundi wa hapo hapo. Leo sakafu ya darasa moja imechimbika, watoto wakifagia wanazoa mchanga. Mdogo wangu kaandika barua kwa mtendaji wa kijiji, kaomba kuona leja ya vifaa na stakabadhi za saruji. Mtendaji kaisoma mbele yake, kamuuliza "za nini?", kisha kamrudishia barua yake. Hakugonga muhuri, hakuandika chochote. Swali langu ni hilo tu: anaruhusiwa kuuliza hivyo? Maana tuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa tangu 2016, na Katiba ibara ya 18 inasema tuna haki ya kupewa taarifa.

Ngosha Mtulivu:
Kuuliza hakujawahi kuwa kosa. Mgeni akija kwako akataka kuona kibubu chako, humuulizi? Halafu tusidanganyane, wanaoomba hizo "taarifa" wengi wao wanautaka uenyekiti wa kijiji. Uchaguzi wa 2024 umepita, sasa wanajipanga kwa unaofuata.

Kiroba cha Mwisho:
@Ngosha kibubu cha nani? Hiyo hela aliweka baba yako? Ule ulikuwa mkopo wa IMF, na mimi na wewe ndio tunaulipa.

Ngosha Mtulivu:
Baba yangu muache alale. Jibu hoja.

Shangazi wa Tabata:
Mnajisumbua bure, wanangu. Hawa watendaji wa vijiji ni form four zero walioingia kwa kujuana. Ukimwandikia "ibara" anadhani umemtukana. Atakupa leja gani mtu ambaye hata daftari la wageni halijui?

VEO Kijijini:
Nilikuwa nasoma kimya kimya, ila Shangazi umenifikisha. Mimi ni mtendaji wa kijiji. Nimesoma Chuo cha Serikali za Mitaa Hombolo, na tangazo la ajira lilitaka astashahada, hiyo zero unayoisema haikuitwa hata kwenye usaili. Sasa nikwambie ofisi yangu ilivyo: chumba kimoja, kabati ambalo kufuli lake ni waya. Mafaili ya ardhi, migogoro ya mipaka, rejista ya wakazi na muhtasari wa vikao, vyote vimo humo, na panya wanapita. Kutoa kopi ni kwenda na bodaboda mpaka senta, na rimu nanunua mwenyewe. Wiki hii nina chanjo, nina ushuru wa mazao, nina watu wawili wamekatana mapanga kwa ajili ya mpaka wa shamba. Anakuja mtu na barua ya kurasa tatu, nisimuulize hata ya nini?

Shangazi wa Tabata:
Wewe umesoma, hongera. Mmoja kati ya wangapi?

Dogo Janja wa Mpanda:
Shangazi acha dharau. Kaka yangu ni mtendaji, ana digrii ya utawala, aliomba ukatibu muhtasari akakosa ndipo akaangukia huko.

Kiroba cha Mwisho:
"Akaangukia huko." Yaani kazi ya kutuhudumia wananchi ni shimo. Asante kwa kukiri.

Dogo Janja wa Mpanda:
Usinilishe maneno, Kiroba. Hujui hata Mpanda iko wapi.

Wakili Asiye na Joho:
Naomba niingie, hata kama hamtanisoma. Sheria ya 2016 inataka ombi liwe la maandishi, na asiyejua kuandika anasema kwa mdomo, afisa ndiye anamwandikia. Mhusika ana siku 30 kujibu, na jibu linaweza kuwa "tunayo, njoo uchukue", "hatuna", au "tumekataa kwa sababu hizi". Kukaa kimya na kurudisha barua mkononi si mojawapo. Ukikataliwa unaomba mapitio kwa mkuu wa taasisi.
Ila Mlinzi wa Zamu, mdogo wako kagonga mlango usio wake. Fedha za madarasa ziliingia akaunti ya shule. Leja, hati za malipo, fomu za kamati ya mapokezi, vyote vinatakiwa kuwa kwa mwalimu mkuu, na nakala za malipo ziko halmashauri. Mtendaji wa kijiji anaweza asiwe na hata karatasi moja ya saruji. Alichonacho yeye ni muhtasari wa mkutano uliochagua zile kamati. Aandike kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, nakala kwa mwalimu mkuu. Nakala ya pili abaki nayo, imegongwa "imepokelewa", tarehe na jina la masijala. Bila hiyo, siku 30 zinahesabiwa kuanzia wapi?

Ngosha Mtulivu:
Wakili kamtetea mtendaji. Nilisema.

Kiroba cha Mwisho:
Wakili kasema kurudisha barua ni kosa. Umesoma mstari mmoja tu, kama kawaida yako.

Njoroge wa Githurai:
Majirani, habari za huko. Siku thelathini? Huku kwetu Kenya ni ishirini na moja, na kama ni suala la uhai au uhuru wa mtu, saa 48. Sheria yetu ya 2016 imesema wazi kabisa: sababu yako ya kuomba haiangaliwi, hata afisa akidhani anaijua. Kwa hivyo hilo la "za nini" lingekuwa limekwisha. Kaunti ikikukatalia unaenda kwa Tume ya Haki ya Utawala. Ibara ya 35 ya Katiba, someni.

Ngosha Mtulivu:
Kumbe ndiyo maana kaunti zenu ni safi hivyo. Hongereni.

Njoroge wa Githurai:
Hatujasema ni safi, bwana. Tunaibiwa kwa maandishi. Mdhibiti wa Bajeti anatoa ripoti kila robo mwaka, unaona kaunti imetumia ngapi kwa safari na ngapi kwa barabara. MCA wako, yaani diwani wa kaunti, akikwambia hakuna pesa, unamwonyesha ukurasa.

Dogo Janja wa Mpanda:
Na sisi tuna CAG, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Ripoti ya serikali za mitaa inatolewa kila mwaka, ipo mtandaoni, Kiswahili na Kiingereza. Msituletee.

Wakili Asiye na Joho:
CAG atakuonyesha halmashauri, Dogo. Sakafu ya darasa moja huioni humo labda iwe imekuwa hoja ya ukaguzi.

Njoroge wa Githurai:
Basi CAG haijibu swali la mwenye uzi.

Dogo Janja wa Mpanda:
Mkenya kutufundisha Kiswahili cha "mwenye uzi". Makubwa.

Kiroba cha Mwisho:
Hapo ndipo uzi umekufa. Sasa tutagombana Kenya na Tanzania mpaka ukurasa wa tisa.

Bibi Mkunga:
Mimi niseme la kwetu Kilwa. Mkutano mkuu wa kijiji ni kila miezi mitatu, kila mwenye miaka 18 anaruhusiwa, na mapato na matumizi husomwa pale. Tukiitwa, wanakuja wazee wanane na mbuzi. Vijana wako kijiweni. Mwisho mkutano hautimii, taarifa inabandikwa kwenye ubao karibu na tangazo la kipindupindu lililopauka, hakuna anayeisoma. Halafu mtu anaandika barua kama yuko ubalozini. Mkutanoni ungeuliza kwa mdomo, kila mtu anasikia, na linaandikwa kwenye muhtasari.

Shangazi wa Tabata:
Bibi, heshima yako shikamoo. Lakini huko kijiweni wanasema ukiuliza mkutanoni unawekwa alama, kesho hupati barua ya utambulisho ya kufungulia akaunti benki.

Bibi Mkunga:
Marahaba mwanangu. Alama ipo hata kwenye barua. Ile ina jina lako chini.

VEO Kijijini:
Bibi umesema kweli tupu. Mimi mikutano miwili mwaka jana niliahirisha, watu hawakutimia. Nani anaandikwa kwenye ripoti kuwa mzembe? Mimi.

Ngosha Mtulivu:
Wape posho watakuja.

VEO Kijijini:
Posho ya kutoka fungu gani? Niandikie barua nikutafutie.

Mlinzi wa Zamu:
Wakuu, nimefuata ushauri wa Wakili. Mdogo wangu kaenda shuleni. Mwalimu mkuu aliyesimamia ujenzi alihamishwa zamani, aliyepo anasema alikuta kabati, viti na funguo. Leja hajaiona.

Wakili Asiye na Joho:
Anayehama anaandika hati ya makabidhiano. Hiyo ndiyo aiombe sasa, inaonyesha kilichoachwa na nani alisaini kupokea. Kama leja haimo kwenye hati, hilo ni jambo la mkaguzi wa ndani wa halmashauri, barua ipitie kwa Mkurugenzi. Na hati za malipo za benki hazihamishwi na mwalimu.

Ngosha Mtulivu:
Sasa mnamwinda mwalimu. Kesho mtamwinda fundi.

Kiroba cha Mwisho:
Fundi kwanza. Mchanga ule haukutoka ofisini.

Shangazi wa Tabata:
Mimi bado namsubiri mtendaji wetu wa Hombolo. Kaeleza panya, kaeleza rimu, kaeleza bodaboda. Muhuri unahitaji bodaboda?