Mnadai ushahidi wa mageuko, mkiletewa mnabadilisha swali. Inachosha!

Wakuu, uzi huu ni wa malalamiko na walengwa, nyie mnaopinga mageuko (evolution, yaani viumbe kubadilika polepole kizazi hadi kizazi), mnajijua.

Mjadala wa mageuko ukianza, iwe kijiweni Kilombero au kwenye magrupu ya Moshi, lazima atokee mtu: "Mbona tumbili wa Duluti hawageuki watu?" Halafu anaondoka kifua mbele. Hakuna mwanabiolojia anayedai hivyo. Kinachodaiwa ni kwamba sisi na sokwe tulitokana na mababu wale wale, mamilioni ya miaka iliyopita. Pingeni hicho.

Kinachoniudhi kuliko vyote ni ile ya "kaboni 14 inadanganya, ndiyo maana Zinjanthropus mmempachika mamilioni ya miaka." Kaboni 14 imeingiaje hapo? Ni kaboni yenye mionzi iliyomo kwenye mabaki ya viumbe; hupungua nusu kila miaka 5,730, na ukivuka miaka 50,000 hivi hakijabaki cha maana cha kupima. Fuvu la huyo Zinjanthropus, jamaa wa kale wa binadamu, aliloligundua mtafiti Mary Leakey pale Olduvai Julai 1959 halikupimwa lenyewe. Yalipimwa majivu ya volkano ya tabaka lake, kwa potasiamu na agoni. Potasiamu 40 hupungua nusu kwa miaka bilioni 1.25, na sehemu yake hugeuka gesi ya agoni 40. Mwamba ukiwa bado uji wa moto, gesi hiyo hutoroka. Ukishaganda, agoni inayozaliwa hunaswa ndani ya fuwele. Maabara huziyeyusha fuwele kwenye ombwe, hupima agoni iliyotoka, hulinganisha na potasiamu iliyomo. Jibu lililotangazwa 1961: miaka milioni 1.75 hivi.

Mnataka kulishambulia? Njia halali zipo, ila hamzitumii. Fuwele kongwe zilizozolewa na maji zikichanganyika na majivu mapya, umri hutoka mkubwa kupita kiasi. Fuwele iliyochakaa huvujisha agoni, umri hushuka. Ndiyo maana ikaja njia ya agoni kwa agoni, inayopima fuwele moja moja kwa leza ili zile ngeni zijulikane na zitupwe. Mwenye hoja ya aina hiyo aje, tutakesha naye.

Halafu "mageuko hayaonekani." Mwaka 2007 mtafiti wa jeni Sarah Tishkoff na wenzake walichapisha utafiti wa wafugaji wa Tanzania, Kenya na Sudan. Badiliko la DNA linalowawezesha wengi wao kumeng'enya sukari ya maziwa hadi ukubwani si lile la Wazungu wa kaskazini. Shida moja, herufi tofauti. Najua mtasema hayo ni mageuko madogo tu. Haya, mpaka uko wapi, na nini kinazuia madogo yasirundikane?

Upande wa usanifu wenye akili, yaani wanaodai uhai ulibuniwa na msanifu, silaha kuu ni hoja ya mkia wa bakteria ya mwanabiokemia Michael Behe: ng'oa kipuri kimoja, mtambo wote unakufa, kwa hiyo uliundwa kwa mkupuo. Lakini vipuri kadhaa vya mkia huo vina ndugu zao kwenye sindano ambayo bakteria wa tauni hutumia kudunga sumu kwenye seli. Yaani mtambo pungufu unafanya kazi nyingine kabisa. "Sielewi ilitokeaje" si ushahidi wa msanifu.

Na nyie wa upande wangu, acheni kuitumia hukumu ya Dover, Pennsylvania, ya 2005 kama ngumi. Jaji John Jones aliamua kuhusu somo la darasani, kwamba usanifu usifundishwe kama sayansi. Biolojia haiamuliwi mahakamani. Wanaosema sayansi imethibitisha hakuna Mungu nao walete kipimo walichotumia.

Anayetetea usanifu aandike hapa chini: msanifu alifanya nini, lini, na tukichimba wapi tutakuta kisichowezekana kwa mageuko. Mimi kitakachoniangushia mageuko ni hiki: fuvu la binadamu ndani ya tabaka la dinosaria wa Tendaguru, Lindi, la miaka milioni 150 hivi. Mkilipata, leteni na maelezo ya tabaka, si picha iliyokatwa kando.