Havana: naomba mwongozo wa sehemu ndogo ya kula vitu vya mkaa

Kipepeo_Mweusi
Wakuu salaam. Mwezi ujao nitakuwa Havana kikazi, wife anakuja nyuma yangu tumalizie na mapumziko kidogo. Sasa sisi sio watu wa hoteli, zile bufee za kupanga foleni na sahani mkononi hazitufai kabisa, tunataka sehemu ndogo, meza chache, taa hafifu, mchomaji unamwona na harufu inakufikia kabla sahani haijafika. Nimesikia habari za hizi paladar ila kila mtu anasema lake, mmoja anasema chakula cha Kuba hakina ladha, mwingine anaapa hajawahi kula nguruwe mtamu kama wa kule. Na hapo kwenye nguruwe ndo shida yenyewe, wife ni Muislamu hagusi, na mimi nikiwa naye naacha. Tutapata cha maana au ndo tutaishia wali na ndizi? Na malipo je, kadi zinapita? Waliofika tafadhali, sio wa kugugo.

Dokta_wa_Kata
Mkuu mimi nimesoma kule, acha nikupe picha kidogo. Paladar ni mgahawa wa mtu binafsi. Zamani migahawa ilikuwa ya serikali, miaka ya 1990 hali ilipokuwa ngumu baada ya Urusi ile ya zamani kuanguka ndo wakaruhusu watu kuuza chakula majumbani kwao, tena kwa masharti, viti 12 tu na wahudumu wawe wanafamilia. Ndo maana mpaka leo nyingine ukiingia unapita sebuleni kwa watu kabisa, bibi kakaa kwenye kiti cha kubembea anaangalia tamthilia, hakuangalii mara mbili, unatokea uani unakuta meza zako tano sita na jiko. Baadaye wakaongeza viti hadi 50, halafu 2021 wakaruhusu kampuni ndogo binafsi, so sa hivi ziko za kila aina mpaka za kifahari, hata Obama alipoenda 2016 alikula kwenye paladar, inaitwa San Cristóbal, ipo Centro Habana.

Hao wanaosema hakina ladha ni kwamba Wakuba hawali pilipili, basi. Ukizoea vitu vikali beba chupa yako mfukoni na hakuna atakayekununia. Wao ladha yao yote ipo kwenye mojo, ni danzi kamuliwa, kitunguu saumu kingi cha kupondwa, bizari nyembamba, oregano na mafuta ya moto yanamwagiwa juu. Nyama inalala humo usiku mzima afu ikiwa motoni anaendelea kuipaka. Sisi nyama choma yetu ni chumvi na moto tu na kachumbari pembeni, wao uchachu umeshaingia mpaka kwenye mfupa. Wengine wanatupia na majani ya mpera kwenye mkaa, ule moshi wake sasa... acha tu.

Kitu kimoja, menyu ya kule usiiamini sana. Inaweza kuwa na kurasa nne na vilivyopo ni vitatu. Kaa, usifungue hata hiyo menyu, uliza leo kuna nini. Ukijibiwa "no hay" (hakuna) usikasirike, utalisikia hilo mpaka ulizoee.

Tanuri
Nyie mnaongelea nyama mnasahau mkaa, na mtoa mada kaulizia mkaa.

Mkaa wa Kuba mwingi ni wa mti unaitwa marabú, kitaalamu Dichrostachys cinerea, na huo mti sio wa kwao, asili yake ni huku kwetu Afrika (na Asia pia), una miiba balaa, mtu wa porini akiuona picha anaujua. Ulifika Kuba karne ya 19, na mashamba yalipoachwa, hasa viwanda vya sukari vilipofungwa kwa wingi 2002, ukajaza kila sehemu. Ni magugu, mkulima anaulaani kila siku. Ila ubao wake ni mzito, mkaa wake unawaka taratibu, moshi mdogo, cheche kidogo, na joto linakaa muda mrefu bila kupulizwa, ndo maana mchomaji wa kule anaweza kuacha nguruwe mzima kwenye kijiti saa nyingi anaongeza kidogo kidogo tu. Wanauchoma kwenye tanuri la udongo kama huku huku, unapanga magogo, unafunika majani na udongo, unalinda usiku na mchana usije ukashika moto wote. Na ni mkaa huo huo ulikuwa bidhaa ya kwanza ya Kuba kuuzwa Marekani kihalali baada ya zaidi ya miaka 50, Januari 2017, tani 40. Sio sigara sio ramu, mkaa 😂

Kwa hiyo ukifika mahali wamekuandikia "al carbón" (kwa mkaa) ukutani angalia kama kuna mkaa kweli. Kuna wanaochoma kwenye bati la gesi nyuma huko afu wanakuletea kwenye kichuma kina makaa mawili matatu ya maonyesho. Kuku wa bati anakuwa na rangi moja mwili mzima. Kuku wa mkaa ana madoa, pale kwenye ncha ya bawa pameungua kidogo, na ngozi imejikunja.

UmmuSalha
Kaka Kipepeo, mimi ndo wa upande wa mkeo kwa hiyo nisikilize vizuri hapa, hao wengine watakulisha nguruwe bila kujua.

Shida sio nyama peke yake maana hiyo inaonekana. Shida ni mafuta. Wali na maharage wa kule, wanaita congrí au moros, mara nyingi umeungwa na mafuta ya nguruwe au vipande vya nyama yake, hivyo hapo unapodhani umekimbilia wali ndo umeingia penyewe. Maharage meusi hivyo hivyo. Muhogo wa kuchemsha nao uulizie, mojo yake kuna wanaoichemshia mafuta hayo hayo. Sema "sin cerdo, sin manteca" (bila nguruwe, bila mafuta yake) na urudie, maana ukisema huli nguruwe mwingine anaelewa ni vipande tu huvitaki.

Pili, wavu ni mmoja. Nguruwe katoka hapo, kuku anawekwa hapo hapo. Mwombe akusugulie upande mmoja wa wavu kwa ile brashi ya chuma, au akuchomee kwenye jani la ndizi au foili, mimi sijawahi kukataliwa, Wakuba ni waungwana sana ukiwaomba kwa adabu. Kuku nao jua kwamba wengi ni wa kugandishwa kutoka Marekani (ndiyo, hao hao wenye vikwazo, chakula kinaruhusiwa), so suala la kuchinja mkeo aamue mwenyewe. Sisi tulikuwa tunakimbilia baharini tu. Kamba koche wa kuchomwa kapasuliwa katikati na siagi ya kitunguu saumu, pweza, na samaki mwekundu wanamwita pargo anachomwa mzima. Jamani yule pargo! Pembeni agiza tostones, ndizi mbichi zinakaangwa, zinabondwa bapa, zinarudi tena kwenye mafuta, ila na hapo uliza mafuta gani.

Na msikiti upo, Habana Vieja (mji mkongwe) mtaa wa Oficios, ulifunguliwa 2015. Mkitoka swala mtakutana na watu wa kuwaelekeza, tena bora kuliko sisi.

Mzee wa Risiti
Hela sasa. Kadi iliyotolewa na benki ya Marekani haipiti, sahau. Za benki nyingine zinapita sehemu chache na mtandao ukitaka. Nenda na euro taslimu, noti ndogo ndogo, zisiwe zimechanika. Kama kuna mtu anakwambia ubadilishe uwe na CUC, ile peso yao ya pili, huyo hajafika siku nyingi, ilifutwa 2021, zimebaki peso za kawaida. Rate ya benki na ya mtaani hazilingani, kwa hiyo KABLA hujakaa uliza bei ni kwa peso au kwa dola, na wakipokea euro wanaihesabu kwa rate gani. Bili ikija angalia kama asilimia 10 ya huduma imeshaingizwa, usije ukaacha mara mbili.

Afu barabarani atatokea kijana mkarimu kupita kiasi anakwambia najua paladar ya mjomba wangu. Kamisheni yake iko kwenye sahani yako, usidhani ni bure.

Kipepeo_Mweusi
Asanteni sana wakuu, Ummu ubarikiwe, nimemsomea wife kasema hiyo ya mafuta asingeiwaza. Sasa umeme vipi? Naona kila siku habari za giza. Na kuna mwenye jina la sehemu kabisa?

Dokta_wa_Kata
Umeme kweli ni tatizo, Oktoba 2024 gridi ilianguka nchi nzima na imerudia baada ya hapo. Kwa moto hamna neno, mkaa hauna habari na TANESCO yao, tena giza na mishumaa ndo mtapata hizo taa hafifu mnazotaka. Shida ni friji. Kama eneo limekaa bila umeme muda mrefu na hujasikia jenereta, achana na kamba na pweza siku hiyo, uliza samaki kaingia lini.

Jina, ipo inayoitwa Al Carbón, Habana Vieja, kona ya Aguacate na Chacón, karibu na Makumbusho ya Mapinduzi, ndogo na jina lenyewe limeshasema. Nguruwe ndo sifa yao ila ulizeni vya baharini. Hali ya kule inabadilika, mwambie mwenyeji wenu apige simu kwanza kama wamefungua, na mfike mapema jioni kabla vizuri havijaisha.

Tanuri
Na ombeni meza ambayo upepo unatoka kwenu kwenda jikoni. La sivyo wife atafua hilo gauni mara tatu.